Kimeng'enya si cha tumboni peke yake

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa maana ya kimeng'enya, mara nyingi atataja mate na tumbo. Hakosei, ila ameishia njiani. Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu hadi kiwe vipande vidogo, na kazi hiyo haihitaji tumbo.

Chukua mfano wa muhogo, zao linalofahamika Mtua na kote Nachingwea na Ruangwa. Ukishambuliwa na bakteria aina ya Xanthomonas, jani hutoka madoa yenye pembe, kwa kuwa vishipa vya jani huyazuia yasitanuke. Liinue juani utaona madoa yamelowa kama yaliyopakwa mafuta. Kisha majani hunyauka, ncha hukauka, na shina bichi hutoa utomvu unaonata. Ugonjwa huu si batobato wala michirizi kahawia. Hayo huletwa na virusi. Bakteria hana mdomo. Hutema vimeng'enya nje ya mwili wake, navyo hukata kuta za seli za mmea.

Hapa ndipo istilahi inapotaka uangalifu, maana tumezoea kuita kabohaidreti zote wanga. Wanga ni akiba iliyomo kwenye mzizi. Selulosi ndiyo inayojenga ukuta wa seli. Vyote viwili ni minyororo ya glukosi, ila viungo vyake ni tofauti: vya wanga ni vya alfa, vya selulosi ni vya beta. Amilesi, kimeng'enya cha mate yetu, hukata vya alfa tu. Ndiyo maana ugali wa muhogo hutupa nguvu, ilhali ule uzi mgumu wa katikati ya mzizi hatuwezi kuumeng'enya. Kinachokata beta nakiita kimeng'enya-selulosi, na sioni sababu ya kukiita vingine.

Mwaka 2020 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti kuhusu kimeng'enya kimoja cha aina hiyo, CbsA. Jeni yake ilionekana zaidi kwa bakteria wa familia ya Xanthomonadaceae wanaosafiri ndani ya mishipa ya mmea. Wengi wa wale wasiopita humo hawana. Xanthomonas asiye wa mishipani alipowekewa jeni hiyo, akaweza kuleta ugonjwa wa mishipani. Nasaba yao inaashiria kwamba mababu waliishi mishipani, koo kadhaa zikaipoteza jeni, na nyingine zikaipata baadaye. Jeni moja tu, na ugonjwa wa doa unakuwa ugonjwa wa mmea mzima! Mabadiliko haya tuyaite mageuko. Mageuzi tuwaachie wanasiasa na wachumi, kwani hayo hupangwa na watu.

Nawaomba walimu na wahariri wakitaja kimeng'enya wataje pia kinachokatwa. Nawe mkulima, unapochagua pingili za muhogo za kupanda, acha kila shina linalotoa ule utomvu unaonata, hata kama limenawiri, kwa sababu bakteria wa muhogo huhamia shamba jipya akiwa ndani ya pingili.