Ugonjwa wa Anayebebwa

Jani la chai likichumwa kwenye mashamba ya wakulima wadogo yanayozunguka Sotik, husafiri kwa heshima. Mchumaji halishindilii kapuni, kwa kuwa jani lililobanwa hupata joto, likageuka jekundu na kupoteza thamani kabla ya kufika kiwandani. Kwenye kituo cha kukusanyia, majani hutiwa katika mifuko inayopitisha hewa, kisha mifuko hiyo huning'inizwa kwenye kulabu ndani ya lori, mmoja mmoja, ili hewa ipite katikati yake. Lori likipiga kona, mifuko huyumba pamoja nalo bila kugandamizana. Hata barabara nyingi za vijijini katika nchi ya Kericho na Bomet zilichorwa kwa ajili ya safari hiyo: katika miaka ya 1960, wakati Mamlaka ya Ustawishaji wa Majani Chai ya Kenya ilipoundwa mwaka 1964, barabara za chai zilitengenezwa ili jani lifike kiwandani lingali bichi. Binadamu alizipanda barabara hizo pia, na kwa muda mrefu alibebwa kwa uangalifu mdogo kuliko jani.

Naanza na jani kwa sababu linaonyesha kwamba kubeba vizuri ni ujuzi, na kwamba wenyeji wa nchi hii ya chai wameumiliki ujuzi huo kwa miongo mingi. Ninachodai ni hiki: kichefuchefu cha safari ni ugonjwa wa anayebebwa. Humpata mtu aliyetiwa ndani ya chombo asichokiongoza, asichoona kinakoelekea, na ambacho mpango wake ulifanywa bila kuufikiria mwili wake. Miwani ya uhalisia pepe, ambayo siku hizi huwachafua moyo vijana walioketi kimya vitini, ni chombo kipya katika msururu wa zamani. Anayetaka kujua jinsi ya kucheza gemu ndani yake kwa muda mrefu bila kuumwa ana mengi ya kujifunza kwenye njia ya kutoka Sotik kwenda Kericho.

Kiswahili kiliujua ugonjwa huu pwani kabla bara halijapata gari. Mabaharia waliuita mwendo wa chombo kinachoyumba mrama, na hadi leo jambo likiharibika tunasema limekwenda mrama, hata kama msemaji hajawahi kuiona bahari. Hali ya tumbo inayofuata huitwa kigegezi. Bara tumezoea kusema moyo umechafuka. Mtembea kwa miguu haijui hali hiyo, na Wakipsigis wa Sotik, kama majirani zao Wagusii na Wamaasai, kwa karne nyingi walikuwa watu wa kutembea. Mwili unaotembea una mashahidi watatu wanaoafikiana. Jicho huona mti ukirudi nyuma, nyayo na misuli huihisi ardhi, na sikio la ndani, lenye mifereji mitatu myembamba iliyojaa majimaji, hupima kila mgeuko wa kichwa. Ndani ya chombo mashahidi hao hukosana: jicho linatazama ukuta uliotulia, huku sikio likisema tunayumba. Sikio ndilo shahidi mkuu katika kesi hii. Mwaka 1882 William James wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba viziwi wengi hawashikwi na kizunguzungu wakizungushwa, kwa sababu sehemu hiyo ya sikio lao haifanyi kazi. Mwaka 1977 mtafiti Michel Treisman alipendekeza sababu ya kutapika kwenyewe: ubongo ukipata habari zinazopingana hudhani umekula sumu, ukaamuru tumbo litoe kilichomo. Maelezo yake bado yanajadiliwa, lakini yanatusaidia kuona kwamba anayetapika safarini si mdeke. Mwili wake unamlinda.

Chombo kikubwa cha kwanza kuikaribia Sotik kilikuwa garimoshi. Reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ilifika Ziwa Viktoria mnamo Desemba 1901, na stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, ikawa mlango wa Kericho na Sotik. Mnamo Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipanda garimoshi hilo kutoka Mombasa. Kwa sehemu kubwa ya safari ya mchana alikaa kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini, juu ya chuma cha kusukuma ng'ombe relini, akiitazama njia ikimjia. Mnamo Juni mwaka huo huo alivuka nyika isiyo na maji kutoka Kijabe kuelekea nchi iliyoitwa Sotik, jina ambalo wakati huo wageni walilitandaza hadi kwenye nyanda ambazo leo ni za Narok. Mizigo ilikwenda kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, naye akipanda farasi. Mkubwa aliwekwa mahali pa kuonea njia au akapewa hatamu mkononi. Alikaa mbele kwa ajili ya kutazama wanyama, lakini kiti chenyewe kilikuwa ndicho bora kwa tumbo pia, kwa sababu jicho lililoona kona mapema liliweza kulionya sikio.

Waliobebwa na historia iliyofuata hawakupata kiti hicho. Msafara wa kijeshi wa Waingereza uliwapiga Wakipsigis wa Sotik mwaka 1905 na kuwanyang'anya ng'ombe kwa maelfu, na sehemu ya nchi yao ikaingia mikononi mwa masetla. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kulima chai kwa mapana Kericho, na mashamba makubwa yakaenea hadi Sotik. Chai ilileta malori, na malori yakaleta desturi ya kuwasafirisha vibarua nyuma, pamoja na mizigo, wamesimama au wamekalia magunia, migongo ikiwa imeelekea wanakokwenda. Kisha ikaja matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi, na njia ya Sotik, Kaplong, Kapkatet, Litein hadi Kericho ikapata magari yaliyojazwa kadiri mlango ulivyoweza kufungika, na pengine zaidi ya hapo. Vilima vya nchi ya chai havina huruma kwa aliyekaa nyuma: gari hupanda, huteremka, hukata kona, husimama ghafla kuchukua abiria, na mbele ya macho yake kuna mgongo wa mwenzake tu.

Abiria hawakusubiri wataalamu wawafundishe. Walijifunza kuomba kiti cha mbele kando ya dereva, kufungua dirisha, kunusa ganda la chungwa au kunyonya ndimu, kutosoma garini, na kutafuna kipande cha tangawizi. Hilo la mwisho lilipata ushahidi mwaka 1982, watafiti Mowrey na Clayson walipochapisha katika jarida la The Lancet jaribio ambalo tangawizi iliwasaidia watu waliozungushwa kwenye kiti kuliko dawa ya kawaida ya safari. Majaribio mengine ya baadaye hayakukubaliana yote, lakini chai ya tangawizi haikupoteza heshima yake. Mnamo Februari 2004 zilianza kutumika kanuni ambazo Wakenya huziita sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi John Michuki: kila abiria na kiti chake na mkanda wake, na kifaa cha kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Zilitungwa kupunguza vifo. Kwa mtu mwenye tumbo jepesi zilikuwa pia sheria za utulivu, maana mwili uliofungwa kitini hautupwi huku na huku, na mwendo uliodhibitiwa hupunguza nguvu ya kona. Ni mojawapo ya nyakati chache ambapo aliyebebwa alifikiriwa karibu kama jani.

Huenda msomaji akapinga: dereva hatapiki kwa sababu amezoea, wala si kwa sababu anashika usukani. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa mazoea yapo. Ila mwaka 1991 watafiti wawili wa Israeli, Arnon Rolnick na R. E. Lubow, waliyatenganisha mazoea na usukani. Waliwaketisha watu wawili wawili kwenye mtambo mmoja unaozunguka. Mmoja aliuongoza, mwenzake alizungushwa vilevile bila kuuongoza. Wote wawili walipata mwendo ule ule, kwa kasi ile ile na kwa dakika zile zile. Aliyeongoza aliumwa kidogo kuliko mwenzake. Anayeamua kona hujua itakavyokuwa kabla haijaja, na mwili wake hujipanga. Abiria wa Litein aliyepigania kiti cha mbele alikuwa akitafuta nusu ya manufaa hayo: hakuweza kupata usukani, akajipatia walau kuona.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, na linatufikisha kwenye miwani. Mchezaji wa gemu anashika vidhibiti mwenyewe. Yeye ndiye dereva. Mbona anaumwa? Jibu lilianza kuonekana mwaka 1957, watafiti Havron na Butler waliporipoti kwamba mtambo wa kuigiza urukaji wa helikopta, uliotengenezwa kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani, uliwachafua moyo waliouingia, na wakufunzi wenye saa nyingi angani waliumwa kuliko wanafunzi. Kama mazoea peke yake yangekuwa kinga, mambo yangekuwa kinyume. Wakufunzi waliumia kwa sababu miili yao ilikumbuka helikopta ya kweli, na sikio lilisubiri mtikisiko ambao mtambo haukuutoa. Hali ya mchezaji ni hiyo hiyo. Kidole gumba kikisukuma kijiti, jicho huona mwili ukikimbia kilimani, lakini sikio linajua kwamba mwenye kidole ameketi. Kidole ndicho kinachoendesha, na mwili uliobaki ni abiria. Ndiyo maana gemu zinazomtaka mchezaji ageuke na kupiga hatua kwa miguu yake mwenyewe humsumbua kidogo sana, na zile zinazomhamisha mara moja kutoka pahali hadi pahali bila kumpitisha njiani humsumbua kidogo pia. Tangu miwani ya Oculus Rift ichangiwe fedha na umma mwaka 2012, watengenezaji wamekuwa wakimrudishia mchezaji, kimoja kimoja, vitu ambavyo abiria wa matatu alivitafuta kwa akili yake: picha zinazobadilishwa mara 90 kwa sekunde ili jicho lisichelewe nyuma ya kichwa, kingo za picha zinazotiwa giza wakati wa mwendo, na kitu kilichotulia mbele ya macho, kama dashibodi, cha kuegemeza mtazamo.

Wapo wanaosema dawa ni kuvumilia: cheza tu saa baada ya saa, mwili utazoea. Ni kweli kwamba wengi huzoea, lakini wanaozoea vizuri ni wale wanaokwenda kwa vipindi vifupi, wakavua miwani dalili ya kwanza inapoanza, yaani jasho jembamba, miayo au mate kujaa mdomoni, kisha wakarudi siku nyingine. Anayeng'ang'ania huku tumbo linapinga huufundisha mwili kuichukia miwani, hata kuiona tu kumchafue. Tena madhara hayaishi miwani inapovuliwa. Majeshi yalijifunza kumzuia rubani asirushe ndege kwa saa kadhaa baada ya kutoka kwenye mtambo wa kuigiza, kwa kuwa mizani ya mwili huchelewa kurudi. Kijana anayetoka kwenye mchezo mrefu na kupanda bodaboda yake kuteremka barabara yenye utelezi wa mvua anastahili tahadhari ile ile.

Mwisho kuna wanaosema tofauti ni za maumbile: wengine wana matumbo mepesi, hasa wanawake, na hakuna la kufanya. Ninaikataa hoja hii kwa ushahidi. Mwaka 2020 mtafiti Kay Stanney na wenzake walichapisha utafiti uliopima umbali kati ya mboni za macho, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya wanawake na wanaume ndani ya miwani ilitokana na lenzi zisizolingana na macho yao. Miwani ya Quest 2, iliyotoka mwaka huo huo, ilikuwa na hatua tatu tu za lenzi, milimita 58, 63 na 68. Mwenye macho yaliyoangukia nje ya hatua hizo alibebwa na chombo kilichopimwa kwa uso wa mtu mwingine. Kabla ya kumlaumu mtu kwa udhaifu wa tumbo, tuikague kwanza lenzi, jinsi tunavyopaswa kukikagua kiti kabla ya kumcheka abiria.

Haya yote yanamhusu mwalimu atakayetumia miwani hiyo darasani, mwenye duka la gemu atakayeikodisha kwa saa, na mzazi atakayeinunua. Anayembeba mwingine ana wajibu: amwachie usukani panapowezekana, amwonyeshe njia, ampime kabla ya kumketisha, na amteremshe anaposema inatosha. Sotik haihitaji kuletewa funzo hilo kutoka ng'ambo. Kila siku ya mavuno, kwenye lori linalopanda kuelekea kiwandani, mikono ya watu wake huning'iniza mifuko kwenye kulabu na kuachia hewa nafasi katikati, kwa kuwa walikwisha kujua kwamba kilichobebwa vibaya hufika kimeharibika.