Morris ya Gangilonga

Kuna Morris Minor inauzwa Gangilonga, hapa Iringa, na wanaoiulizia wengi wako Dar es Salaam. Mwenyewe ni mjane wa mwalimu. Aliniita niikague kwa sababu ufundi wangu niliuanzia chini ya magari ya aina hii. Nimelala chini yake nikaigonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, bati likaita safi kuanzia miguuni pa dereva hadi kwenye buti. Kioo cha mbele ni kipande kimoja, na vile vimikono vya kuonyesha kona bado vinachomoza ubavuni. Basi ni ya kati ya 1956 na 1961, injini cc 948.

Morris Minor ilizinduliwa London mwaka 1948, kazi ya Alec Issigonis, ambaye baadaye aliibuni Mini. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na madeni, na viwanda vilivyouza nje ndivyo vilivyotangulizwa kugawiwa chuma. Huku Tanganyika walowezi walipenda magari ya Kimarekani, yaliyokaa juu na kustahimili njia mbaya, lakini hayo yalitaka dola, na dola zilikuwa adimu. Ndipo zikaja Austin, Hillman, Standard Vanguard na Morris. Gari lililoundwa karibu na Oxford likakutana na matope ya Sao Hill mwezi wa Machi.

Lilipata taabu, wala sifichi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 94 tu. Dereva wa kupandisha kutoka Chimala kwenda Uyole alibeba debe la maji. Hewa nayo ni pungufu, kwa hiyo petroli inazidi na plagi zinajaa masizi. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akiipandisha nati ya chini ya kabureta kidogo kidogo, huku akisikiliza muungurumo, mpaka injini itulie. Hakuwa na kipimo kingine zaidi ya sikio lake, na sijaona aliyemshinda.

Kilichoyamaliza magari haya ni barabara. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia. Zambia ikakosa njia ya mafuta, malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam, yakipanda Kitonga, yakipita Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma. Njia ya vumbi ikasagwa ikawa mifereji, na saluni iliyokaa chini ililala tumbo juu ya tuta la katikati. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi 1968, na lami ilipofuata, wenye uwezo walikwisha kuhamia Peugeot 404.

Halafu fedha za kigeni zikaadimika, na spea nazo. Mafuta yakapanda bei 1973; ikaja na amri ya kutoendesha magari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Gereji zetu zikaishi kwa kukereza: bushi za shaba, pini, hata ringi za pistoni zilizopunguzwa kutoka injini nyingine. Historia ya gari la Kiingereza hapa Nyanda za Juu Kusini, kwangu mimi, ni historia ya hao mafundi, na karibu hakuna aliyeiandika.

Ndiyo maana sitaki hii iteremke pwani. Morris Minor haina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo mifupa. Hewa ya chumvi ikishaila sakafu, gari limekwisha, hata rangi ikiwa inang'aa. Makumbusho ya Dar es Salaam yanayo Rolls-Royce ya magavana aliyokuja kuitumia Mwalimu Nyerere, nayo inastahili kutunzwa. Lakini la walimu na makarani liko wapi? Tunayo makumbusho ya Iringa Boma, yaliyofunguliwa 2016. Nimemwomba mama awapelekee habari wao kwanza, kabla hajampigia mnunuzi yeyote, na kazi ya kulihudumia nitaifanya mwenyewe bila malipo.