Kifua Kinapobana: Kutoka Mifupa ya Kaburini Hadi Picha ya MRI

Leo tunazungumza juu ya baridi yabisi ya uti wa mgongo inapoingia kifuani, na jinsi madaktari walivyojifunza kuiona.

Ugonjwa huu mara nyingi huanza kabla ya umri wa miaka 45. Mgongo hukakamaa asubuhi, na maumivu hupungua mtu akitembea, si akipumzika. Kwa wengine, viungo vinavyoshikilia mbavu kwenye uti wa mgongo na kwenye mfupa wa kidari huvimba. Hapo kuvuta pumzi ndefu, kukohoa au kupiga chafya huwa mateso.

Zamani madhara yake yalionekana mifupani baada ya kifo. Katika miaka ya 1690, daktari Bernard Connor wa Ireland alieleza mifupa aliyoiona Ufaransa. Uti wa mgongo, nyonga na baadhi ya mbavu vilikuwa vimeshikana kama mfupa mmoja. Akakata shauri kwamba mtu huyo alipumua kifupi kifupi, kwa sababu mbavu hazikuweza kupanuka.

Tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua miale ya eksirei. Sasa mifupa ya mtu aliye hai ikaonekana. Lakini eksirei huonyesha mfupa ulioliwa au ulioshikana, na hayo huweza kuchukua miaka. Uvimbe unaoanza haionyeshi. Ndiyo maana mgonjwa huweza kuambiwa, "Picha ni safi, huna kitu," naye hapati usingizi.

Mwaka 1973 Paul Lauterbur wa Marekani alichapisha picha za kwanza za MRI. Yeye na Peter Mansfield wa Uingereza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Huonyesha maji yaliyojaa ndani ya mfupa wenye uvimbe, kabla mfupa haujaharibika. Baadaye ikawezekana kupiga picha ya mwili mzima, na viungo vya kidari na mbavu vikaonekana pamoja na mgongo.

Basi mama, ufanye nini?

Kwanza, usipuuze maumivu ya kifua. Yaweza kuwa TB, nimonia au moyo, na hayo hupimwa kwanza. Yakija ghafla, au mtu akikosa pumzi, nendeni hospitali mara moja.

Pili, kama mgongo pia umeuma zaidi ya miezi 3, mweleze daktari yote mawili. Usiseme kifua leo na mgongo mwezi ujao.

Tatu, MRI ni ghali na haipatikani kila hospitali. Daktari ndiye ataamua kama inahitajika. Mwenye chuma mwilini aseme kabla ya kuingia kwenye mashine.

Mwisho, usimwite kijana wako mvivu kwa kuchelewa kuamka. Dawa na mazoezi vikianza mapema humsaidia kubaki wima na kupumua vizuri.