Umwagiliaji wa Sale

Umwagiliaji wa Sale ni kilimo cha mifereji cha Wabatemi, waitwao pia Wasonjo, katika Tarafa ya Sale, Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Nchi ni kavu, lakini maji ya chemchemi na vijito huongozwa hadi kwenye mashamba ya mtama, mahindi, maharage na viazi vitamu. Zamu za maji hupangwa na wenamiji, baraza la wazee wenye cheo cha kurithi. Robert F. Gray aliueleza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1963.

Kilimo kama hiki kinaguswa pia na ahadi za bara zima: mwaka 2003, mjini Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kukitengea kilimo asilimia 10 ya bajeti za nchi zao. Mwaka 2014, Malabo, wakairudia ahadi. Fedha za ahadi hiyo zikifika Sale, zianzie kwenye mifereji iliyopo, na wenamiji washirikishwe.