Mashine ya Kubangua Korosho Kilifi: Utafiti wa Soko na Sheria Kama Sehemu ya Usanifu

Utangulizi

Mkorosho ulifika Pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazili, ukiletwa na Wareno katika karne ya 16. Leo Kilifi ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza Kenya kwa zao hilo. Kwa mhandisi kijana au fundi wa jua kali mjini Malindi, kubuni mashine ya kubangua korosho ni wazo linalokuja lenyewe. Kubangua kwa mkono ni kazi ya polepole na yenye madhara. Ganda lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na kiini kinachotafutwa ni takriban robo tu ya uzito wa korosho ghafi, mara nyingi pungufu ya hapo.

Mara nyingi utafiti kuhusu sekta, soko na sheria hufanywa mashine ikishaundwa, ili kujaza kurasa za ombi la mkopo. Makala hii inashikilia kwamba utafiti huo ni sehemu ya usanifu wenyewe. Ndio unaoamua mashine iwe kubwa kiasi gani, iende kwa kasi gani, iundwe kwa chuma gani na impunguzie nani mzigo.

Malighafi kabla ya mota

Tanzania ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Katika msimu wa 1973/74 ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Viwanda vikubwa vya kubangua vilijengwa, vingine kwa mikopo ya Benki ya Dunia, hadi vikafika 12. Lakini wakati vikijengwa, mavuno yalikuwa yakiporomoka. Wakulima walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao. Bei ilikuwa duni. Na ugonjwa wa ubwiri unga ulishambulia maua. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa karibu tani 17,000. Vingi vya viwanda hivyo vilikaa kimya. Hata mashine zisizo na kasoro yoyote zisingeweza kubangua korosho ambazo hazikuvunwa.

Kilifi nayo ilikuwa na kiwanda chake, Kenya Cashewnuts, kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1970. Kilisimama mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya ubinafsishaji na mzigo wa madeni. Historia hiyo inamtaka mbunifu aanze na swali la fedha. Korosho huvunwa kwa miezi michache tu ya mwaka, hivyo mbanguaji anayetaka kufanya kazi mwaka mzima hulazimika kununua na kuhifadhi shehena yote ndani ya msimu. Kikundi kinachomaliza akiba yake kununua mashine hakitabaki na pesa za kununua korosho, na madalali wenye fedha taslimu watakuwa wamekwisha kupita mashambani. Kwa hiyo uwezo wa mashine upimwe kwa tani ambazo mteja anaweza kuzinunua, na nguvu ya mota ifuate hesabu hiyo.

Soko linavyochora mashine

Soko la korosho hulipia kiini kizima. Katika madaraja ya kimataifa, W320 ni viini vyeupe vizima kati ya 300 na 320 katika ratili moja, na W180, yenye viini vikubwa zaidi, ina bei ya juu zaidi. Kiini kikivunjika thamani yake hushuka papo hapo. Mashine inayobangua haraka huku ikivunjavunja viini humtia hasara mnunuzi wake kila saa inapofanya kazi. Kipimo cha kwanza cha mafanikio, basi, ni asilimia ya viini vinavyotoka vizima.

Hapa hali ya shamba inaingia moja kwa moja katika mchoro. Mashine zinazojiendesha, kama zile zilizoisaidia Vietnam kuongoza dunia kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, huhitaji korosho zilizopangwa kwa ukubwa, kwa sababu nafasi kati ya visu hurekebishwa kulingana na kipenyo. Mikorosho mingi ya Kilifi ni mikongwe na ilipandwa kwa mbegu zisizochaguliwa. Gunia moja huwa na korosho za kila ukubwa. Huenda basi bidhaa inayohitajika kwanza ni chekeche la kupangia, likifuatwa na kibanguzi cha kanyagio kinachoweza kutengenezwa na fundi wa karibu. Hili halionekani mezani. Huonekana kwa kufungua magunia na kuwasikiliza wanawake wanaobangua.

Sheria kama nguvu ya soko

Mwaka 2009 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha nje korosho ghafi, na sheria ya mwaka 2013 ikaendeleza katazo hilo isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya waziri. Juu juu, sheria hii inampa mtengenezaji wa mashine wateja. Lakini wanunuzi wakipungua, bei ya shambani inaweza kushuka. Bei ikishuka, mkulima hana sababu ya kupalilia mikorosho yake wala kupanda mipya. Sheria inayolinda kibanguzi inaweza hivyo kukinyima chakula. Isitoshe, katazo kama hilo juu ya makadamia lililegezwa kwa muda mwaka 2023. Mbunifu makini ajiulize: mashine hii italipa hata katazo likiondolewa?

Sheria nyingine huingia katika chuma chenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe. Umoja wa Ulaya unaruhusu korosho za kuliwa moja kwa moja ziwe na mikrogramu 4 tu za aflatoksini kwa kilo, hivyo ukaushaji na uhifadhi haviwezi kutenganishwa na ubanguaji. Moshi wa maganda yanayochomwa ni mkali, na mbunifu asiyepanga yatakwenda wapi atakutana na masharti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, baadaye, kwa gharama kubwa zaidi. Kuhusu haki za ubunifu, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inatoa hataza ya miaka 20, na pia cheti cha modeli ya matumizi cha miaka 10, ambacho huenda kikafaa zaidi maboresho ya mafundi wetu.

Hoja kinzani na hitimisho

Wapo watakaosema kwamba utafiti mwingi huua ubunifu, na kwamba mashine ikiwepo wateja watajitokeza. Hoja hii ina uzito kwa upande mmoja: sampuli ya kwanza hufichua mambo ambayo hojaji haiyafichui. Ndiyo sababu utafiti na sampuli vinapaswa kwenda pamoja, msimu kwa msimu, kabla mtu yeyote hajakopa. Wengine watasema ni nafuu kuagiza kutoka ng'ambo. Kwa baadhi ya hatua hilo ni kweli, na utafiti wa kweli lazima uwe tayari kufikia jibu hilo.

Napendekeza mambo mawili. Vyuo vyetu vya uhandisi visipitishe mradi wa mwisho wa mwanafunzi usioonyesha jinsi malighafi, soko na sheria zilivyobadilisha mchoro wake. Na Kaunti ya Kilifi ichapishe kila msimu takwimu za mavuno na bei za korosho kwa kila wadi, kwa kuwa hakuna fundi mmoja anayeweza kugharimia kuzikusanya peke yake. Wakulima wa Kilifi wamekwisha kulipia makosa ya mipango mikubwa iliyopuuza hesabu hizi. Hawana deni la kulipia makosa hayo mara ya pili.