Nani Aliamua Makanika wa Dizeli Amefeli?

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, kwa kila ploti kuna kijana anaambiwa, "Wewe sasa nenda tu usomee umakanika." Inasemwa kama hukumu ya korti. Mwenye A haambiwi hivyo. Nimefuatilia hii dharau ilianzia wapi, na naona haikutoka kwa kazi yenyewe. Iliwekwa na watu.

Anza na reli. Ujenzi ulipoanza Mombasa mwaka wa 1896, Waingereza walileta mafundi na vibarua kutoka India. Baadaye kwa karakana mpangilio ukawa wa rangi: Mzungu juu, Mhindi fundi, Mwafrika wa kubeba. Mwaka wa 1924 mkoloni akaanzisha Native Industrial Training Depot pale Kabete, vijana Waafrika wafunzwe kazi kama useremala na uashi. Ujuzi ulikuwa wa maana, lakini mkoloni alitaka mikono ya bei rahisi, si mainjinia. Wazazi waliona karani na mwalimu ndio wanaheshimiwa, wakataka watoto wao washike kalamu, si spana. Hapo siwezi kuwalaumu.

Uhuru ukaja, dharau ikabaki. Mwaka wa 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti, After School What?, kuhusu vijana waliomaliza msingi wakakosa nafasi ya sekondari. Hapo ndipo wazo la village polytechnic lilishika. Wazo poa kabisa, lakini angalia mlango wake: unaingia juu umekosa kwingine. Ufundi ukawa chumba cha waliobaki.

Halafu 2013. Kenya Polytechnic, iliyofunza mafundi tangu 1961, ikageuzwa Technical University of Kenya. Ile ya Mombasa pia ikawa chuo kikuu. Vijana wakapata ujumbe: chuo cha ufundi kikifanya vizuri, zawadi yake ni kuacha kuitwa chuo cha ufundi.

Sasa hebu tuangalie kazi yenyewe. Injini ya dizeli, tangu Rudolf Diesel aifanikishe Ujerumani mwaka wa 1897, haihitaji plagi ya kutoa cheche. Inakandamiza hewa mpaka inashika joto kali, mafuta yananyunyizwa ndani, yanawaka yenyewe. Kila kitu ni presha na wakati. Fundi wa zamani alisikiliza mlio, akafungua pampu, akasafisha nozeli. Kwa lori za siku hizi presha ya mafuta inapita bar 1,000, na kompyuta ndiyo inaamua nozeli ifunguke lini. Mafuta yakichomoka kwa tundu dogo yanaweza kupenya ngozi yako. Huyo tunayesema amefeli anahitaji fizikia, umeme, na akili imetulia.

Na nchi inavutwa na nini? Trela za Mombasa hadi Malaba, matrekta, jenereta za hospitali stima ikipotea. Karibu zote ni dizeli.

Dharau yetu ina gharama. Pale Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huita Grogan, utapata fundi amefungua injini miaka na miaka bila karatasi hata moja, kwa hivyo kampuni kubwa haimwandiki. Upande ule mwingine kuna kijana ako na diploma lakini hajawahi kushusha injini mwenyewe, juu darasa lao lilikuwa la kunakili notisi. Mmoja ako na mikono, mwingine ako na cheti, na lori bado limekwama barabarani.

Kwa hivyo kama unafikiria hii kozi, usiulize kwanza jina la chuo. Nenda karakana yao. Uliza ni injini ngapi zinawaka, wanafunzi wangapi wanagawana moja, na kama wako na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Uliza wanafunzi hupelekwa wapi kwa mazoezi ya kazi.

Na kama tayari uko gereji na ovaroli imejaa grisi, kuna mtihani wa serikali wa ufundi, Gredi ya III, II hadi I, unaosimamiwa na NITA. Unakupima kwa kazi unayoifanya kila siku. Uliza tarehe, ujisajili, uchukue karatasi yako.