Hesabu ya Kuku wa Kukaanga

Msomaji, katika nchi yetu kuku ni heshima kwanza, ndipo awe chakula. Mgeni abishapo hodi katika nyumba nyingi za Magharibi ya Kenya huchinjiwa jogoo, na huko Pwani kuku wa kupaka hakosi kuonekana karamuni. Wala si desturi kumwuliza mpishi kitoweo chake kina mafuta kiasi gani. Kumwuliza hivyo kungekuwa utovu wa adabu. Swali hilo lilizaliwa mbali, tena katika maabara, si jikoni. Yafaa tulifuate lilikotoka, kwa kuwa kuku auzwaye leo mijini pamoja na chipsi na soda ametoka upande uo huo.

Wa kwanza kutajwa ni Wilbur Atwater, mwalimu wa kemia katika chuo cha Wesleyan, mjini Middletown, Marekani. Katika miaka ya 1890 yeye na mwenzake Edward Rosa walijenga chumba kidogo kilichozibwa barabara, wakamtia mtu ndani yake kwa siku kadhaa, wakapima chakula alichopewa, hewa aliyoivuta, na joto lililotoka mwilini mwake. Kwa kazi ya namna hiyo Atwater alipata hesabu ambayo ingali ikitumika: gramu moja ya protini au ya wanga humpa mtu kalori 4 hivi, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Ishike sana hiyo tisa.

Sasa twende Corbin, mji mdogo wa jimbo la Kentucky. Hapo Harland Sanders alikuwa na mkahawa kando ya barabara kuu. Kukaanga kuku kwa kikaango kulichukua muda mrefu, na msafiri hangoji. Mwaka 1939 Sanders akaanza kutumia sufuria inayofungia mvuke, kuku akawa anaiva kwa dakika chache tu. Mwaka 1952 Pete Harman wa Salt Lake City alikuwa mtu wa kwanza kupewa ruhusa ya kuuza kuku huyo kwa mkataba. Maduka yakaongezeka, yakavuka bahari, na mwaka 2011 yakafika Nairobi.

Lakini kikaango humfanya nini kuku? Gramu 100 za kidari kilichookwa bila ngozi zina kalori kama 165, protini gramu 31, na mafuta gramu 4 kasoro. Kidari hicho hicho, kikiachwa na ngozi yake, kikavikwa rojo la unga na kutiwa katika mafuta yanayochemka, hupata kalori kama 260 katika gramu 100, na mafuta yake hufika gramu 13. Sababu yake si ya uchawi. Maji hutoka kwa mvuke, na unga hunywa mafuta. Chumvi nayo hupanda sana, maana huingia katika nyama na katika unga pia. Hata hivyo protini haikupotea, nasi tusimsingizie kuku makosa ya kikaango.

Mwaka 2003 kampuni ya KFC ilitoa matangazo katika televisheni za Marekani. Katika mojawapo, mke anamwekea mumewe ndoo ya kuku na kumwambia kwamba ule mpango wao wa kula vizuri umeanza siku hiyo. Watazamaji waliambiwa kwamba vidari viwili vya kuku wa kukaanga vina mafuta machache kuliko mkate wa nyama uitwao Whopper, wa kampuni ya Burger King. Je, ulikuwa uongo? La, na hapo ndipo penye ujanja wenyewe. Tume ya serikali inayosimamia biashara ilichunguza, na mwaka 2004 ikaeleza kwamba mafuta kwa jumla yalikuwa machache kidogo, ni kweli. Lakini vidari hivyo viwili vilikuwa na kolesteroli zaidi ya mara tatu, sodiamu ya chumvi zaidi ya mara mbili, na kalori nyingi zaidi. Tena vilizidi mara tatu kwa yale mafuta yaliyogandishwa viwandani kwa hidrojeni, ambayo hudhuru moyo kuliko mengine yote. Kampuni ikakubali kuacha madai ya namna hiyo. Mwaka 2006 ilitangaza kwamba itayaacha na mafuta yenyewe katika maduka yake ya Marekani.

Mimi naona shauri hilo lina mafunzo kuliko vitabu vingi vya hesabu. Tarakimu moja ya kweli ilichaguliwa, na nyingine nne za kweli zikafichwa nyuma yake.

Mwaka 2008 mji wa New York ulianza kulazimisha mikahawa yenye matawi mengi iandike kalori katika orodha ya vyakula ukutani, mbele ya macho ya mnunuzi. Sheria ya nchi nzima ikaanza kutumika Mei 2018, kwa mikahawa yenye matawi 20 au zaidi. Kwa chumvi na mafuta, mnunuzi lazima aombe karatasi. Wangapi wataomba, na foleni iko nyuma yao?

Sheria hiyo haivuki bahari pamoja na kuku. Kwa hiyo wewe, uketipo na chakula chako mjini, shika kalamu uanze na kile chenye maandishi, nacho ni chupa ya soda. Ukikuta imeandikwa sukari gramu 10.6 kwa kila mililita 100, na chupa ni ya mililita 500, sukari yake ni gramu 53. Zidisha kwa 4 ya Atwater, upate kalori 212. Kisha uugeuze mfuko wa kuku na wa chipsi, utazame kama upande wa pili umeandikwa cho chote.